Ulimi wa Bwana, Kalamu ya Mtumwa: Siasa za Cicero katika Historia na katika Riwaya

Utangulizi

Riwaya ya kihistoria ni utanzu unaotumikia mabwana wawili. Bwana wa kwanza ni ukweli wa mambo yaliyotukia. Wa pili ni sanaa, ambayo hudai wahusika wenye uhai, migogoro inayokua na mwisho unaomtosheleza msomaji. Mwandishi aliyeamua kumsimulia mtu aliyeishi kweli hana uwezo wa kumwokoa aliyeuawa, wala wa kumpa ushindi aliyeshindwa. Uhuru wake umo katika mapengo tu: yale yaliyonenwa faraghani, yaliyowazwa yasiandikwe, na yaliyoandikwa kisha yakapotea. Kwa hiyo swali linalompasa mhakiki si kama mwandishi amebuni, kwa maana kubuni ndiyo kazi yake. Swali ni mahali gani amebuni, na kama ubunifu huo umeuangazia ukweli au umeufunika.

Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kumtazama Marcus Tullius Cicero (106–43 K.K.), wakili, msemaji na mwanasiasa wa Jamhuri ya Roma, na namna alivyochorwa katika riwaya tatu za mwandishi Mwingereza Robert Harris: Imperium (2006), Lustrum (2009) na Dictator (2015). Hoja kuu ni kwamba fundo la siasa za Cicero lilifungwa siku moja, tarehe 5 Desemba mwaka 63 K.K., na kwamba riwaya yoyote juu yake hupimwa kwa jinsi inavyolikabili fundo hilo.

Msomaji wa Kiswahili si mgeni kabisa wa Roma ya kale. Mwaka 1963 ilichapishwa tafsiri ya Julius K. Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu kifo cha Caesar, naye akairekebisha na kuitoa tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Katika tamthilia hiyo Cicero yumo, lakini yumo mithili ya kivuli. Anazungumza kidogo usiku wa tufani; wapanga njama wanalitaja jina lake kisha wanaliweka kando; baadaye inaletwa habari kwamba ameuawa. Anayekifunga kitabu hicho hana njia ya kujua kwamba mzee huyo anayepita jukwaani upesi alikuwa ameishughulisha Roma kwa ulimi wake kwa muda wa zaidi ya miaka 30.

Mtu mpya

Cicero alizaliwa Arpinum, mji mdogo ulio kusini-mashariki ya Roma, katika familia ya tabaka la wapanda farasi. Hili lilikuwa tabaka la watu wenye mali ambao hawakuwa na historia ya kushika vyeo vikuu. Katika Roma, vyeo hivyo vilikuwa kama urithi wa koo chache za makabaila. Aliyefika kwenye ukonsuli bila ya kuwa na babu aliyemtangulia huko aliitwa mtu mpya, na neno hilo halikuwa sifa. Wenzake walirithi majina, mashamba, wafuasi na majeshi; yeye alikuwa na sauti yake. Siasa zake zote hazina budi kusomwa kwa kuanzia hapo.

Sauti hiyo ilisikika kwanza mwaka 80 K.K., alipomtetea Sextus Roscius, aliyeshtakiwa kwa kumuua baba yake mzazi. Nyuma ya mashtaka hayo alikuwapo Chrysogonus, mtumwa wa zamani wa Sulla, imla aliyekuwa ametoka kuchinja wapinzani wake kwa mamia na kuzigawa mali zao. Kumtaja Chrysogonus mahakamani kulihitaji moyo. Lakini kesi iliyompa Cicero jina ilikuja miaka kumi baadaye, mwaka 70 K.K., alipowawakilisha watu wa Sisili dhidi ya Gaius Verres, liwali aliyekitawala kisiwa hicho kuanzia mwaka 73 hadi 71 K.K. na kukipora nafaka, fedha na hata sanamu za miungu.

Mahakama yenyewe ilikuwa ya maseneta watupu, yaani watu wa tabaka la mshtakiwa. Wakili wa Verres alikuwa Hortensius, msemaji mashuhuri kuliko wote wa wakati huo, ambaye alikwisha kuchaguliwa kuwa konsuli wa mwaka uliofuata. Mbinu ya upande wa Verres ilikuwa kuichelewesha kesi mpaka mwaka huo mpya. Cicero alikuwa amepewa siku 110 za kukusanya ushahidi, alitumia 50. Kesi ilipofunguliwa aliiacha hotuba ndefu ya desturi, akaanza kuwaita mashahidi mara moja. Verres hakungoja hukumu, alikimbilia Massilia. Hotuba ambazo Cicero hakupata nafasi ya kuzitoa alizitangaza kwa maandishi, na humo ndimo ilimohifadhiwa habari ya Gavius, raia wa Roma aliyetundikwa msalabani na Verres huko Messana huku akilia kwamba yeye ni raia. Cicero aliifanya habari hiyo kilele cha mashtaka yake: asiyeheshimu haki ya raia kuhukumiwa kwa sheria ameivunja Roma yenyewe.

Yafaa neno hilo likumbukwe, kwa sababu miaka saba baadaye lilimrudia.

Siku ya tarehe 5 Desemba

Katika uchaguzi wa mwaka 64 K.K. Cicero alipata ukonsuli, katika mwaka wa kwanza ambao sheria ilimruhusu kuuwania. Kwa muda wa miaka 30 hivi hapakuwa na mtu mpya mwingine aliyefika hapo. Miongoni mwa walioshindwa alikuwamo Lucius Sergius Catilina, kabaila aliyefilisika, ambaye aliwania tena mwaka uliofuata akashindwa tena. Catilina aliahidi kufuta madeni, na ahadi hiyo iliwavuta watu wa aina nyingi: makabaila wenzake walioelemewa na madeni, askari wa zamani wa Sulla waliopoteza mashamba, na mafukara wa mjini na mashambani. Mwanahistoria hana haja ya kumfanya Catilina mkombozi wa wanyonge ili atambue kwamba unyonge uliomletea wafuasi ulikuwa wa kweli. Cicero alijua kuizima njama. Dhiki iliyoizaa hakuigusa.

Mnamo Oktoba mwaka 63 K.K. Seneti ilitoa azimio la hatari, likiwaagiza makonsuli wahakikishe kwamba Jamhuri haipatwi na madhara. Mwanzoni mwa Desemba zilikamatwa barua ambazo wafuasi wa Catilina waliobaki mjini walikuwa wamewapa wajumbe wa kabila la Waallobroge wa Gallia. Watu watano wenye vyeo, akiwamo Lentulus Sura aliyewahi kuwa konsuli, wakawekwa chini ya ulinzi. Tarehe 5 Seneti ilikutana katika hekalu la Concordia kuamua la kuwafanya.

Sheria iliyopitishwa na Gaius Gracchus mwaka 123 K.K. ilikataza raia kuuawa pasipo idhini ya umma. Caesar alipendekeza washtakiwa wafungwe katika miji ya Italia na mali zao zitaifishwe. Cato alidai wauawe, na hoja yake ndiyo iliyoshinda. Jioni ile Cicero mwenyewe alimwongoza Lentulus hadi gerezani, na wote watano wakanyongwa kwa kamba. Alipotoka aliwatangazia watu kifo chao kwa neno moja tu la Kilatini, lenye maana kwamba maisha yao yamekwisha.

Umati ulimshangilia, akaitwa baba wa nchi. Lakini sifa hiyo haikumaliza mwezi bila ya kupingwa. Siku ya mwisho ya ukonsuli wake, alipotaka kuhutubia umma kama ilivyokuwa ada, Metellus Nepos, mmoja wa matribuni, yaani watetezi wa makabwela, alimzuia. Sababu aliyoitoa ilikuwa kwamba mtu aliyewaadhibu wengine bila ya kuwasikiliza hastahili naye kusikilizwa. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Mwendesha mashtaka wa Verres alikuwa amekabidhiwa hoja yake mwenyewe, safari hii ikiwa imeelekezwa kifuani pake.

Adui aliyejua kuitumia hoja hiyo alikuwa Publius Clodius. Huyu, kwa msaada wa Caesar, aliuacha ukabaila wake na kuasiliwa katika familia ya kimakabwela ili apate kuwa tribuni. Mwaka 58 K.K. alipitisha sheria ya kumfukuza nchini yeyote aliyewaua raia bila ya hukumu. Cicero alikwenda uhamishoni. Nyumba yake ya mlima Palatino ikabomolewa, na mahali pake Clodius akaweka wakfu madhabahu ya mungu wa kike aitwaye Uhuru. Alirudi mwaka 57 K.K. na kupokewa kwa shangwe, lakini nguvu ilikuwa imekwisha kuhama kutoka Seneti kwenda kwa watu watatu waliokuwa na fedha na majeshi: Caesar, Pompeius na Crassus. Mwaka 54 K.K. alilazimika kumtetea mahakamani Vatinius, mtu aliyemtukana hadharani miaka miwili tu iliyotangulia.

Hotuba na barua

Mwandishi wa riwaya anayemkabili Cicero hana shida ya uhaba wa ushahidi; shida yake ni wingi. Zimebaki hotuba zaidi ya 50, vitabu vya falsafa na ufasaha, na barua zaidi ya 900, zikiwamo chache alizoandikiwa na wenzake. Hotuba zinamwonyesha mtu asiyetikisika. Barua, hasa zile alizomwandikia rafiki yake Atticus, zinamwonyesha mtu anayelia uhamishoni, anayetamani kufa, anayehesabu madeni, na anayekiri kwa aibu kwamba amegeuza wimbo wake ili awaridhishe wenye nguvu. Petrarca, mshairi wa Italia, alipozigundua barua za Atticus mjini Verona mwaka 1345, alifadhaika kiasi cha kumwandikia Cicero barua ya kumlaumu, ingawa huyo alikuwa amekufa karne nyingi.

Pengo lililopo kati ya hotuba na barua ndilo shamba la mwanariwaya. Wapo waliolilima kwa uhuru mkubwa. Thornton Wilder, katika The Ides of March (1948), alibuni barua za watu wa Roma, akaichukua kashfa ya sherehe za Bona Dea iliyotokea mwaka 62 K.K. na kuihamishia mwaka 45 K.K., jambo ambalo yeye mwenyewe hakulificha. Harris alishika njia nyingine. Yeye, aliyepata kuwa mwandishi wa habari za siasa, aliufuata mfululizo wa matukio kwa karibu, akaweka ubunifu wake mkubwa katika jambo moja: nani asimulie.

Kalamu ya mtumwa

Msimulizi wa riwaya zote tatu ni Tiro, karani wa Cicero. Katika riwaya yeye ni mzalia wa nyumba ya akina Cicero huko Arpinum, na anasimulia akiwa mzee anayekaribia umri wa miaka 100. Uteuzi huu haukutoka hewani. Tiro aliishi kweli, akapewa uhuru wake yapata mwaka 53 K.K. Wazee wa kale walimtaja kuwa mtu aliyehusika na kukuza hati mkato ya Kilatini. Plutarch ameandika kwamba katika mjadala ule wa tarehe 5 Desemba Cicero alikuwa amewaweka makarani sehemu mbalimbali za Seneti, wakiwa wamefundishwa kuyanasa maneno kwa alama fupi, na kwamba ndiyo sababu hotuba ya Cato ilihifadhiwa. Baada ya kifo cha bwana wake Tiro aliandika wasifu wake katika angalau vitabu vinne. Wasifu huo umepotea. Harris alilipata pengo hilo akalijaza.

Faida ya usimulizi huu ni kubwa. Kwanza, unamruhusu msomaji kuingia mahali ambapo historia haikuingia. Katika Imperium Tiro anafichwa ndani ya chumba ili anukuu kwa siri maneno ya wakubwa wanaopanga njama. Tukio ni la kubuni, lakini linaeleza ukweli mmoja wa Roma: mtumwa alikuwa kila mahali na hakuhesabiwa kuwa mtu aliyepo. Pili, unaondoa haja ya kumtakasa Cicero. Msimulizi angekuwa Cicero mwenyewe, mauaji ya wale watano yangeletwa kama ushindi. Angekuwa Clodius, yangeletwa kama jinai tupu. Tiro anampenda bwana wake, na bado anaona mikono yake ikitetemeka.

Hata Tiro wa kihistoria hakuwa mpambe wa kusifu tu. Cicero alipofika umri wa miaka 60 alimtaliki mkewe Terentia akaoa msichana mdogo aitwaye Publilia. Terentia alisema mzee alivutiwa na ujana wa binti huyo. Plutarch anaeleza kwamba Tiro aliandika sababu nyingine: Cicero alikuwa msimamizi wa mali ya msichana huyo, na alihitaji fedha za kulipia madeni. Mwandishi aliyethubutu kusema hivyo juu ya mtu aliyempa uhuru anastahili kukabidhiwa riwaya.

Hata hivyo usimulizi huu una mipaka, na mipaka hiyo ni ya kitabaka. Lustrum inafunguliwa kwa maiti ya mtoto wa kitumwa inayoopolewa mtoni siku mbili kabla ya Cicero kuapishwa, na hofu inayotawala ni ya taharuki itakayozuka mjini. Hapo mwandishi ameligusa jambo zito. Lakini simulizi haikawii kurejea Seneti, kwa kuwa huko ndiko aliko Cicero, na Tiro humfuata Cicero. Mtumwa anapewa kinywa, naye anakitumia kusimulia maisha ya bwana. Watumwa wa machimbo na wa mashamba makubwa ya Sisili, waliopata kuasi mara mbili kabla ya Verres kufika huko, hawana karani.

Barua za Cicero zenyewe zingeweza kumpeleka mwanariwaya mbali zaidi. Mwaka 61 K.K. alimwandikia Atticus kwamba amehuzunishwa na kifo cha Sositheus, kijana aliyekuwa akimsomea vitabu, kuliko inavyoelekea mtu kuhuzunishwa na kifo cha mtumwa. Alihisi uchungu wa kibinadamu, kisha akaona haya. Miaka 15 hivi baadaye aliwaomba magavana wamsakie Dionysius, mtumwa wake aliyeiba vitabu katika maktaba na kutorokea Illyria. Wakati huohuo alikuwa akiandika juu ya uhuru uliokufa chini ya udikteta wa Caesar. Mtu aliyelia kwa kupokonywa uhuru wa kusema katika Seneti hakuona ajabu kumsaka mwingine aliyejichukulia uhuru wake kwa miguu. Ukinzani huu si hila ya Cicero peke yake. Ndio muundo wa jamii iliyomlea.

Hitimisho

Caesar alipouawa tarehe 15 Machi mwaka 44 K.K., Cicero hakuwa miongoni mwa wapanga njama. Lakini katika miezi iliyofuata, akiwa mzee asiye na jeshi, alisimama dhidi ya Marcus Antonius kwa hotuba 14 ambazo yeye aliziita za Philippos, kwa kumkumbuka Demosthenes wa Athens. Ya pili, iliyo kali kuliko zote, haikutolewa kwa mdomo. Ilisambazwa kwa maandishi. Alimwamini Octavianus, kijana wa miaka 19, akidhani atamtumia kisha amweke kando. Kijana alipatana na Antonius, na orodha za watu wa kuuawa bila ya hukumu zikabandikwa tena, kama zama za Sulla. Tarehe 7 Desemba mwaka 43 K.K., miaka 20 na siku mbili tangu wale watano wanyongwe, Cicero aliuawa karibu na Formiae. Kichwa na mikono yake vilitundikwa kwenye jukwaa la wasemaji mjini Roma.

Katika Dictator msomaji anaufikia mwisho huo akiwa amekwisha kuuona mwanzo wake, na hapo ndipo riwaya za Harris zinapofuzu. Hazisemi kwamba Cicero alistahili kifo hicho, wala hazimfanyi mtakatifu. Zinaonyesha kwamba mtu mmoja aliweza kuwa mtetezi wa kweli wa sheria, akaivunja siku moja kwa kuamini kwamba anaiokoa, na asiweze tena kujikinga kwayo. Zinapokosea ni pale zinapomwachia Tiro ampende bwana wake mno hata asiwatazame watumwa wenzake.

Antonius aliagiza mikono ikatwe kwa sababu ndiyo iliyoandika hotuba zile. Hakumfikiria karani. Katika mwaka wa mwisho kamili wa maisha yake Cicero alimwandikia Atticus kwamba hakuna mkusanyo wa barua zake, ila Tiro anazo kama 70. Tiro alibaki hai, na barua zikabaki pamoja naye.